Somo: Siku ya skii Tuckerman mwezi wa nne, mtu na mwenzake

Ndugu wa Manchester, Concord na Portland, mmeniomba nieleze jinsi mimi na mwenzangu tunavyokwenda kuteleza kwenye theluji ya bonde la Tuckerman. Somo hili ni la anayeweza tayari kushuka mteremko mkali kwa skii na kusimama anapotaka. Anayejifunza aanzie kwenye viwanja vyenye lifti. Tuckerman hakuna lifti: unachoshuka, umekipanda kwa miguu yako.

Bonde hili liko ubavuni mwa Mlima Washington, New Hampshire. Majira yote ya baridi upepo hufagia theluji ya juu mlimani na kuimwaga humo, ndiyo maana mwezi wa tano bado imejaa wakati mjini watu wanafyeka majani.

Hatua ya 1: Siku. Tafuta usiku wa baridi ya kugandisha, kisha asubuhi ya jua na upepo mdogo. Theluji inayoyeyuka mchana na kuganda usiku, siku baada ya siku, hugeuka punje nene kama chenga za mchele. Jua likilainisha sentimita chache za juu, skii inashika vizuri ajabu. Usiku usipogandisha, bakini nyumbani. Asubuhi hiyohiyo someni taarifa ya maporomoko ya theluji ya Mount Washington Avalanche Center na utabiri wa maeneo ya juu wa Mount Washington Observatory. Utabiri wa mjini hautawasaidia.

Hatua ya 2: Mzigo. Skii na buti zake, kofia ngumu, meno ya chuma ya kuvaa kwenye buti, shoka la barafu, koti la upepo, glavu za akiba, maji, miwani ya jua na taa ya kichwani. Kila mmoja awe na kifaa cha kutafutana chini ya theluji, fito ya kuchomea theluji na koleo. Mimi hubeba chapati mbili na chupa ya chai ya tangawizi.

Hatua ya 3: Kupanda hadi Hermit Lake. Tunaondoka Pinkham Notch, chini ya mlima, saa moja asubuhi. Ni kilomita 4 hivi, mwendo wa saa mbili hadi mbili na nusu, skii zikiwa mgongoni. Tembeeni taratibu msilowe jasho.

Hatua ya 4: Kusimama na kutazama. Hapa wengi hupita mbio, na hapa ndipo ninapowasihi mchelewe. Tukifika ziwani tunakaa, tunamimina chai, tunalitazama bonde kwa dakika 20 nzima. Barafu imebaki wapi kwenye ukuta wa juu? Jua limefika wapi? Kuna alama mpya za theluji iliyoporomoka? Kisha kila mmoja anasema kwa sauti njia anayoitaka na saa ya kugeuka. Mwenye hofu ndiye anayeamua, wala haulizwi sababu.

Njia za kushukia ni mifereji ya mlimani. Right Gully inatazama kusini, hulainika mapema. Left Gully inaelekea kaskazini zaidi, huchelewa kulainika na hutunza theluji hadi mwisho wa msimu. Kwa hiyo jua ndilo linalotupangia ratiba. Ukipanda mapema mno, theluji bado ni kioo, na mtu akianguka hasimami mpaka chini.

Hatua ya 5: Kupanda bonde. Pandeni njia ileile mtakayoshuka. Ukipandia kwingine, unashuka juu ya usichokijua. Mwaka juzi tulikuwa tukipanda, mwenzangu mbele, akasimama ghafla, akainua mkono. Nikasikia maji yakibubujika chini ya buti zangu. Akachoma theluji kwa fito, ikazama bila kugusa kitu. Tulikuwa tumesimama juu ya dari, na kijito kimeshaila kwa chini. Tukarudi nyuma tukikanyaga nyayo zetu zilezile, mmoja mmoja. Kama tungepandia pengine, tungelikuta shimo hilo tukiwa kasi.

Msipumzike Lunch Rocks. Majiwe yale yanavutia kukalia, lakini yako kwenye njia ya barafu inayoanguka, na vipande vingine ni vikubwa kama gari.

Hatua ya 6: Kushuka. Mmoja mmoja. Mwingine asimame pembeni, mahali salama, macho yasimtoke mwenzake. Jua likijificha nyuma ya ukingo mchana, theluji huganda upya kwa muda mfupi, muwe mmeshamaliza. Kurudi chini ni kwa njia ya skii ya Sherburne. Mkikuta kamba imezuia kwa sababu theluji imekwisha, vueni skii, vukeni kwenye njia ya miguu.

Maswali ya wanachama

*Kaka, mume wangu hatelezi lakini anataka kuja. Atafika wapi? (Portland)*

Dada, aje. Hadi Hermit Lake njia ni ya kutembea, ila avae meno madogo ya chuma kwenye viatu, maana asubuhi njia huwa barafu tupu. Kutoka pale bonde linaonekana lote. Asipande zaidi kama hana shoka wala uzoefu wa kulitumia.

*Mkuu, sisi wa Moshi tunaiona Kibo, mita 5,895. Mlima wa mita 1,917 unatisha nini?*

Ndugu yangu, wa kwenu unamaliza pumzi kwa kimo. Huu unaua kwa hali ya hewa. Tarehe 12 Aprili 1934 kituo cha kileleni kilipima upepo wa kilomita 372 kwa saa. Angalia mwezi: ni huohuo tunaoenda sisi. Unaweza kuanza safari na fulana, ukafika juu vidole havifungi zipu.

*Machipuko si theluji imeshatulia? Koleo na fito vya nini? (Manchester)*

Hutulia ikiganda. Mvua ikinyesha, au joto likikaa siku kadhaa usiku na mchana, hulegea. Na mwezi wa nne bado dhoruba huleta theluji mpya. Theluji iliyolowa ikiporomoka kisha ikasimama hukaza kama saruji, huwezi kuifukua kwa mikono, na aliyefukiwa ana dakika kama 10 tu kabla nafasi yake ya kupona haijapungua sana. Hakuna wa kumfikia ndani ya muda huo ila wewe uliyesimama pembeni ukimtazama. Fanyeni mazoezi ya kutafutana kwanza, hata kwenye uwanja wa nyuma ya nyumba. Sisi huzika begi lenye kifaa ndani, mmoja anahesabu saa, mwingine anachimba.