Kuchagua Kirejeshi Sahihi Unapoandika Kiingereza Ughaibuni

Wengi wetu tunaoishi nje na kuandika Kiingereza kila siku, iwe ni barua ya kuomba kazi, maelezo kwa mwenye nyumba au ripoti ya ofisini, huandika vizuri hadi tunapofika kwenye kirejeshi, yaani neno kama "who" au "which" linalomrejelea aliyetajwa. Kiswahili kimetuzoesha kutazama ngeli, ndiyo maana tunasema ambaye, ambacho, ambalo na ambazo bila kufikiri. Kiingereza hakina ngeli hizo. Kinachotakiwa ni kujua kama anayetajwa ni mtu au si mtu, na kirejeshi kinafanya kazi gani ndani ya kishazi chake, yaani ile sehemu ya sentensi inayoanzia kwenye kirejeshi na yenye kitenzi chake.

Swali la kwanza ni jepesi. Mtu huchukua "who", kitu huchukua "which", na "that" hutumika kwa vyote viwili pale kishazi kinapobainisha ni yupi au ni kipi hasa. Tahadhari iwepo kwa wanyama tu: sisi husema mbwa ambaye, lakini katika Kiingereza "the dog that" au "the dog which" ndiyo kawaida, na "who" huachiwa zaidi mnyama wa nyumbani mwenye jina lake.

Kosa linalojirudia kuliko yote, kwa maoni yangu, halimo katika kirejeshi chenyewe bali katika maneno yanayokifuata. Tunaposema "barua ambayo niliipokea", ile -i- ya kitenzi inaiwakilisha barua kwa mara ya pili, na Kiswahili kinaridhia kabisa. Tukiibeba tabia hiyo, tunaandika "the letter which I received it", sentensi ambayo msomaji wa Kiingereza huiona ina neno la ziada. Sahihi ni "the letter which I received". Vivyo hivyo, "the person who I spoke to him" inapaswa kuishia kwenye "to", na "the house where I live in it" iwe "the house where I live" au "the house I live in". Kila unapomaliza kuandika, fuata kishazi kuanzia kirejeshi hadi mwisho wake, na ukikuta "it", "him", "her" au "them" inayorudia kilekile kilichokwisha kutajwa, ifute.

Umiliki nao hutupotosha kwa njia hiyohiyo. "Mpangaji ambaye mkataba wake umeisha" hugeuka kuwa "the tenant who his contract has ended", ilhali "whose" peke yake hubeba ambaye na wake kwa pamoja: "the tenant whose contract has ended". Neno hilo halibagui vitu, hivyo "a company whose office has moved" ni sahihi. Usilichanganye na "who's", ambalo ni kifupi cha "who is" au "who has".

Kuhusu "whom", umbo la "who" la mtu anayetendewa, geuza kishazi kiwe swali kisha jaribu kulijibu kwa "he" au "him": jibu likiwa "him", "whom" inafaa. Katika mazungumzo watu wengi hutumia "who" tu, lakini baada ya kihusishi (neno kama "to" au "for"), kama katika "the officer to whom I gave the form", haikwepeki.

Mkato unahitaji uangalifu mkubwa, hasa katika maelezo rasmi kuhusu familia. "My brother who lives in Canada will pay the fees" humfanya msomaji aamini kwamba una kaka zaidi ya mmoja na unamtaja yule wa Kanada. "My brother, who lives in Canada, will pay the fees" humweleza kwamba kaka ni mmoja na makazi yake ni taarifa ya nyongeza. Baada ya mkato wa namna hii usitumie "that". Miongozo mingi ya uandishi ya Marekani hupendekeza "that" pasipo mkato na "which" penye mkato. Uingereza "which" hukubalika hata pasipo mkato.

Kirejeshi kinaweza kuachwa kikiwa shamirisho (kinachotendewa), kama katika "the form I signed", lakini si kikiwa kiima (mtenda). Ukiandika "the man called yesterday is my landlord" ukimaanisha yeye ndiye aliyepiga simu, msomaji ataelewa kwamba yeye ndiye aliyepigiwa. Andika "the man who called yesterday".