Kupeleka wanafunzi wa baiolojia fildi nje ya nchi: mazoezi yaanzie kwenye nyasi za chuo

Kama unafundisha baiolojia chuoni na unataka kupeleka wanafunzi fildi nchi nyingine, usianze na tiketi, anza na vibali. Kibali cha kufanya utafiti ni kimoja, cha kukusanya sampuli kingine, cha kuzitoa nje kingine tena, na kama kiumbe chako kiko kwenye orodha za CITES (mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini) hapo ndo utajua hujui. Halafu kuna Itifaki ya Nagoya iliyoanza kufanya kazi 2014, nchi nyingi zilizoiridhia zinataka mkubaliane mapema mgawanyo wa faida zitakazotokana na vinasaba vya viumbe vyao. Tafuta mhadhiri wa kule miezi mingi kabla, awe mshirika kweli, jina lake liwe kwenye ripoti, asiwe dalali wa makaratasi. Au panga kazi ya kuhesabu na kupiga picha tu, mi siku hizi napendelea hiyo.

Chanjo ya homa ya manjano cheti chake kinaanza kutambulika baada ya siku 10, kwa hiyo msisubiri wiki ya safari.

Sasa panapoharibika zaidi ni mazoezi. Kabla ya kupanda ndege watoe nje, weka fremu ya mita 1 kwa 1 kwenye nyasi za chuo, wanne wakadirie asilimia ya fremu iliyofunikwa na majani, kila mtu kivyake bila kuchunguliana. Mmoja atasema 40, mwingine 75, fremu ileile! Waache wabishane, rudieni mpaka namba zikaribiane, la sivyo mtaenda kupima tofauti za macho yenu mkidhani ni za msitu. Na waelewe kabisa kwamba fremu 30 ndani ya msitu mmoja bado ni msitu mmoja, haziwezi kusemea misitu mingine.

Maswali ya utafiti nayo yapunguze. Anayetaka "athari za tabianchi kwa ndege" kwa wiki mbili mshushe taratibu mpaka afike kwenye kuhesabu ndege wa aina moja pembeni na ndani ya msitu.

Lebo ni penseli. Niliwahi kumwacha mwanafunzi aandike kwa wino, chupa ya ethanoli ikavuja usiku, asubuhi lebo nyeupe pee, wadudu tunao ila wametoka wapi hatujui. Sasa lebo inaandikwa kwa penseli inaingia ndani ya chupa, na kila jioni kurasa zote za daftari zinapigwa picha, hakuna picha hakuna msosi. Siku mbili za kwanza wananichukia kweli.