Kuandaa vipindi vya redio wakati wa mazungumzo ya amani, hatua kwa hatua

Mazungumzo ya amani huenda polepole, tena milango imefungwa. Chumba cha habari kinataka tukio la leo. Kinachojaza pengo hilo ni uvumi, kwa hiyo usikae kusubiri taarifa ya msemaji.

Hatua ya 1: Sikiliza kwanza. Kabla ya mahojiano yoyote, kusanya nyimbo, mizaha na majina ya kejeli ambayo pande zinaitana. RTLM, redio ya Rwanda iliyochochea mauaji ya kimbari ya 1994, ilianza kurusha matangazo Julai 1993, na mkataba wa amani wa Arusha kati ya serikali ya Rwanda na waasi ukasainiwa Agosti 4. Iliwanasa vijana kwa muziki na utani. Chuki ilipanda gari hilohilo. Usipojua watu wanacheka nini, hutajua wanaogopa nini.

Hatua ya 2: Fungua mkataba hewani. Ireland Kaskazini mwaka 1998 nakala ya mkataba wa amani ilipelekwa kila nyumba kabla ya kura ya maoni. Ule wa Colombia wa 2016, kati ya serikali na waasi wa FARC, ulikuwa na kurasa 297, na katika kura ya maoni ya Oktoba 2 kura za hapana zilishinda kwa asilimia 50.2. Nani ana muda wa kurasa 297? Chukua kifungu kimoja kwa kipindi kimoja, ukianza na vinavyouma: wafungwa, silaha, ardhi. Habari za kamati zisubiri.

Hatua ya 3: Chagua wageni. Kuwaita wakali wawili, mmoja kila upande, si usawa. Watagombana vizuri, simu zitamiminika, na msikilizaji ataondoka akiamini kila mtu wa upande ule ni kama yule aliyepiga kelele. Mimi huwaita wawili wa upande mmoja wasiokubaliana wao kwa wao. Hapo upande wa pili husikia kwa mara ya kwanza kwamba wapinzani wao nao wana mashaka.

Hatua ya 4: Tumia mchezo wa redio, ila usihubiri. Musekeweya, ulioanza kurushwa Rwanda mwaka 2004, unahusu vijiji viwili vya kubuni vyenye uhasama. Utafiti uliofanywa kwa wasikilizaji wake ulionyesha jambo ambalo waandishi wengi hawalitegemei: imani za mtu binafsi hazikubadilika sana, bali kilichobadilika ni anachodhani kinakubalika kwa wenzake, na utayari wa kupinga hadharani. Basi usimwandike mhusika anayetubu ghafla. Mwandike kijana anayemkatalia mzee wake mbele za watu, kisha kesho yake bado anasalimiwa. Jaribu rasimu kwa wasikilizaji wa pande zote, kila kundi peke yake. Wakicheka mahali ambapo hukuandika kichekesho, rudi mezani.

Hatua ya 5: Jiandae kwa siku mbaya. Bomu lililolipuka Omagh, mji wa Ireland Kaskazini, liliua watu 29 Agosti 15, 1998, miezi michache tu baada ya wananchi kuupigia mkataba kura ya ndiyo. Amua mapema nani anathibitisha idadi ya vifo, nyimbo zipi zinatolewa kwenye orodha, na kiongozi gani wa kila upande atapatikana kwa simu ndani ya saa moja. Simu za wasikilizaji zifungwe hadi hao wawe wamesikika.