Somo: Kuonja na kuipa alama eli ya mepo na oti

Wakuu, niliahidi somo hili muda mrefu, na baridi ya hapa Burlington, Vermont, imenipa kisingizio cha kukaa ndani. Leo tunaonja eli ya kahawia, yaani aina ya bia, iliyopikwa kwa shira ya mepo na nafaka ya oti. Mepo ni ule mti ambao jani lake liko kwenye bendera ya Kanada. Kuanzia mwishoni mwa Februari hadi Aprili, usiku maji yakiganda na mchana jua likichomoza, watu hutoboa shina na kukinga utomvu, kama mgema anavyokinga tembo la mnazi. Utomvu huo una sukari kama asilimia 2 tu. Lita 40 huchemshwa hadi ibaki lita 1 ya shira, ndiyo maana bei yake inauma.

Mara ya kwanza kuinywa bia ya namna hii nilisubiri utamu wa kaimati. Nikakuta kinywaji kikavu, nikakipa alama za chini na kusema nimeibiwa. Mjinga nilikuwa mimi. Sukari ya mepo karibu yote ni sukrosi, sukari ile ile ya mezani, na hamira haiachi kitu hapo. Kinachobaki ni harufu, pamoja na ukavu fulani kama wa ubao. Ukiionja bia hii huku unatafuta utamu, alama zako zitakuwa za uongo.

Hatua ya 1: Glasi na joto
Chukua glasi yenye tumbo na mdomo mwembamba. Ya mvinyo inafaa. Isuuze kwa maji safi. Ukimimina bia ukaona viputo vimeng'ang'ania ukutani, bado ina mafuta. Usiigandishe glasi kwenye friza! Baridi kali inaua harufu, na kwenye bia hii harufu ndiyo mali. Nyuzi 10 hadi 13 zinatosha, kwa hiyo itoe kwenye friji mapema, uiache mezani ipunguze ubaridi.

Hatua ya 2: Mimina, tazama
Rangi ya kahawia, povu lenye rangi ya krimu. Ukungu kidogo usikusumbue, protini za oti huleta hivyo. Hapa hakuna alama nyingi, tusonge.

Hatua ya 3: Nusa
Hapa tulia. Funika glasi kwa kiganja, zungusha, funua, kisha nusa mara mbili tatu fupi fupi. Pumzika, rudia. Kwetu Moshi bibi alikuwa akiipokea kata ya mbege, pombe yetu ya ndizi, anainusa kwanza, na uso wake ulikuwa umeshatoa hukumu kabla hajagusa mdomo.

Tafuta sukari guru, karanga za kukaanga, mkate uliobanikwa. Kisha tafuta uwatu. Ndiyo, uwatu huu huu wanaopewa wazazi. Harufu ya uwatu na ya shira ya mepo zinakutana kwenye kemikali moja iitwayo sotoloni, na aliyekula uwatu mwingi hata jasho lake hunukia shira. Wapikaji wengine wa nyumbani hutia mbegu chache za uwatu ili mepo isikike zaidi. Mimi siwapunguzii alama kwa hilo, ila harufu ikianza kukukumbusha bizari ya mchuzi, ujue wamezidisha.

Sasa kasoro. Mahindi ya kuchemsha, boksi la karatasi lililolowa, tufaha bichi: zote ni dosari. Boksi lililolowa maana yake hewa imeingia au bia imezeeka. Ile ya kuwa nayo makini hapa ni siagi, inayotokana na kemikali iitwayo diasetili, kwa sababu hujificha nyuma ya mepo ukadhani ni tofi. Kwenye bia nyingine ungeitambua pia kwa utelezi ulimini, lakini oti nazo zinateleza. Kwa hiyo amini pua, ulimi utakudanganya.

Hatua ya 4: Onja
Bana pua, piga funda, meza, halafu achia pua. Mepo itakujia kwa nyuma, kutoka kooni. Ukifanya hivyo mara moja hutanibishia tena kwamba mepo ni harufu. Bia tunameza, hatutemi kama waonja mvinyo, maana uchungu wa hopsi, yale maua yanayotiwa kwenye bia, unasikika vizuri ukimeza.

Oti zenyewe hazina ladha kubwa. Kazi yake ni mwili. Zina beta-glukani, ile inayofanya uji wa oti uvutike, na kwenye bia inaleta ulaini kama uji wa ulezi uliochujwa vizuri. Jiulize: bia imejaa mdomoni, au ni maji yenye rangi? Ikiisha, inaacha ukavu wa ubao na kiu ya funda jingine, au inaganda kama shira ya dukani? Hiyo ya pili mara nyingi imetiwa ladha ya kutengenezwa, inayouzwa kwenye chupa.

Hatua ya 5: Alama
Natumia mfumo wa BJCP, chama cha waamuzi wa bia cha Marekani, wa alama 50: harufu 12, muonekano 3, ladha 20, mwili 5, na hisia ya jumla 10. Kuanzia 45 ni ya kipekee, 38 hadi 44 bora sana, 30 hadi 37 nzuri sana, 21 hadi 29 nzuri tu. Andika sababu kabla ya namba. Ya jana niliipa 9, 3, 14, 4 na 7, jumla 37. Alama moja imeikosesha daraja, na sababu nimeiandika: mepo ilikuwa pale mwanzoni, ikapotea glasi ilipopata joto. Ilipaswa kuwa kinyume.

MASWALI YA WANACHAMA

Mama Neema: Kaka, mimi sinywi pombe, lakini nahudumia kwenye mgahawa hapa Toronto na wateja wananiuliza. Nifanyeje?
Jibu: Dada, harufu na muonekano ni alama 15 kati ya 50, na zote hazihitaji hata tone mdomoni. Nusa kila chupa mpya inayofunguliwa, andika. Baada ya miezi michache utawazidi wanywaji.

Mpishi wa Nakuru: Mkuu, nilipika yangu na oti nyingi, ikatoka kama mlenda na kuchuja ilinitoa jasho. Tatizo?
Jibu: Umejijibu mwenyewe, oti nyingi. Anzia asilimia 10 ya nafaka zote, na uchanganye makapi ya mpunga ili maji yapate njia. Kama ulaini uko sawa siku ya kwanza halafu bia ikaanza kuvutika nyuzi ndani ya chupa, hao ni bakteria. Mwaga.

Juma wa Temeke: Shikamoo mwalimu. Dar mepo sijaiona. Nijifunzie wapi?
Jibu: Marahaba mdogo wangu. Kaanga uwatu kijiko kimoja kwenye kikaango kikavu, usiunguze, weka kwenye kikombe. Kikombe kingine weka sukari guru iliyosagwa. Nusa kimoja, kisha kingine, kisha vyote pamoja, kila siku kwa wiki. Bia itakuja baadaye.

Juma wa Temeke: Uwatu wa unga unafaa?
Jibu: Hapana. Nunua mbegu. Wa unga unakuwa umeshapoteza harufu, utajifunza vumbi.