Kufunga simu za ofisi kwa FreePBX: namba moja, ujumbe wa sauti kwenye barua pepe, na dawa ya sauti ya upande mmoja

Wiki iliyopita nilimaliza kufungia simu ofisi ya wakala wa forodha hapa Dar es Salaam. Watu tisa wanakaa Dar, wawili wako Tunduma mpakani. Kabla ya hapo kila mmoja alitumia simu yake ya mkononi. Mteja akipiga kuulizia kontena lake na kumkosa mhusika, habari inaishia hapo. Walichotaka ni namba moja ya kampuni, ilie Dar au Tunduma, na asipopatikana mtu sauti ya mteja iingie kwenye barua pepe. Naandika nilivyofanya kwa FreePBX, programu inayoigeuza kompyuta kuwa mtambo wa simu za ofisi, kwa ajili ya fundi mwenzangu atakayepewa kazi kama hii.

Hatua ya 1: Vifaa na intaneti

Kompyuta ndogo yenye RAM ya GB 4 inatosha kabisa kwa ofisi ya ukubwa huu. Simu za mezani ziwe za waya, zichukue umeme kutoka kwenye swichi ya PoE (inayopitisha umeme kwenye waya wa mtandao), halafu seva, swichi na ruta vyote vikae kwenye UPS moja. Mimi sifungi simu ya mezani kwenye Wi-Fi, hata mteja akiniomba. Mtu akifungua mlango wa chuma katikati, sauti inakatika-katika na lawama zinakuja kwako.

Kwa kodeki (njia ya kugeuza sauti kuwa data) ya G.711, simu moja hula takriban kilobiti 87 kwa sekunde kila upande. Simu kumi kwa wakati mmoja zinakaribia megabiti 1 kupanda na 1 kushuka. Angalia hasa kasi ya kupanda, maana ndiyo wengi hawaiulizi.

Hatua ya 2: Programu

Weka mfumo endeshi wa Debian 12, kisha FreePBX 17, ambayo ndani yake injini ya simu ni Asterisk. Kwa SIP, yaani lugha ya kupigiana simu kupitia intaneti, tumia moduli ya PJSIP tu. Ukikuta mwongozo unaokuelekeza chan_sip, moduli ya zamani, achana nao, kwani imeondolewa kwenye Asterisk tangu toleo la 21.

Hatua ya 3: Ekstensheni na laini

Tengeneza ekstensheni (namba ya ndani ya kila mtu), unganisha laini ya SIP uliyonunua kwa mtoa huduma mwenye leseni, weka kundi la simu zinazolia pamoja. Skrini yenyewe inakuongoza.

Hatua ya 4: Sauti isikike pande zote mbili

Hapa ndipo kazi ilipo. Utapiga, simu italia, mtu atapokea, halafu mmoja anasikia na mwingine hasikii kitu.

Simu ya SIP ina mambo mawili yanayosafiri mbalimbali. La kwanza ni maelewano ya nani anampigia nani, kwa kawaida kwenye poti (mlango wa data wenye namba) 5060. La pili ni sauti yenyewe, RTP, ambayo kwenye Asterisk hupita poti za UDP 10000 hadi 20000. Katika maelewano kila upande humwambia mwenzake sauti ailete wapi. Seva iliyo nyuma ya ruta haijui kuwa huko nje inajulikana kwa anwani nyingine, hivyo inataja ile ya ndani. Ni kama kumwagiza mtu wa Mwanza akuletee mzigo "chumba cha pili kushoto" bila kumtajia mtaa wala nyumba.

Usibahatishe, tazama kwa macho. Ingia kwenye seva, andika asterisk -rvvv, kisha:

pjsip set logger on

Piga simu ya nje, halafu tafuta kwenye ujumbe unaotoka kwenda kwa mtoa huduma mstari unaoanza na c=. Mimi nilikuta huu:

c=IN IP4 192.168.1.10

Hiyo ni anwani ya ndani ya ofisi. Sauti ya mteja haiwezi kufika huko kamwe. Nenda Settings, kisha Asterisk SIP Settings. Kwenye External Address weka anwani ya umma ya ofisi, kwenye Local Networks weka mtandao wa ndani, mfano 192.168.1.0/24. Bonyeza Submit, kisha Apply Config.

Bado hujamaliza. Mimi nilifika hapo, nikapiga tena, na mstari ulikuwa bado 192.168.1.10. Nikabadilisha ruta, nikabadilisha kodeki, nikafuta laini na kuiunda upya. Jumamosi nzima ikaisha. Kumbe mipangilio hiyo husomwa Asterisk inapowaka tu, na Apply Config haiizimi. Amri iliyobaki ilikuwa moja:

fwconsole restart

Inakata simu zote zinazoendelea, kwa hiyo iendeshe ofisi ikiwa imefungwa. Ukipiga tena, c= itaonyesha anwani ya umma.

Kwenye ruta elekeza poti za UDP 10000 hadi 20000 kwenda kwenye seva, na uzime SIP ALG, kipengele cha ruta yenyewe. Kitu hicho kimewekwa kwa nia ya kusaidia, lakini huandika upya anwani zilizomo ndani ya ujumbe na mara nyingi huziharibu. Ikiwa simu inasikika vizuri kisha inakatika kwenye sekunde ya 32, tatizo si intaneti mbovu. Seva imejibu simu ikangoja uthibitisho uitwao ACK, haukufika, nayo ikakata. Anza na hiyo ALG.

Angalia pia anwani ambayo ruta imepewa upande wa nje. Ikiwa iko kati ya 100.64.0.0 na 100.127.255.255, mtoa huduma amewaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, na hata ufungue poti zote hakuna kitakachoingia. Omba anwani ya umma isiyobadilika.

Tunduma wanatumia intaneti ya simu yenye hali hiyohiyo, lakini wao wanatoka tu kuja Dar, kwa hiyo niliwaunganisha kwa WireGuard (VPN, yaani njia ya siri ndani ya intaneti) na PersistentKeepalive ya 25, yaani ishara kila sekunde 25 ili njia isifungwe. Mtandao wa WireGuard nao lazima uandikwe kwenye Local Networks. Nilipousahau, seva iliwapa Tunduma anwani ya umma wakati wao wanaijia kwa ndani, wakawa hawasikilizani na mtu yeyote.

Hatua ya 5: Ujumbe wa sauti uende kwenye barua pepe

Washa Voicemail kwenye kila ekstensheni, weka anwani ya barua pepe, chagua Email Attachment. Barua zitoke kupitia seva ya barua ya kampuni kwa poti 587 na nywila. Ukiiacha seva itume yenyewe kwa poti 25, zitazuiwa au zitaishia kwenye taka.

Umbizo la sauti liwe wav ya kawaida. Wav49 ni ndogo zaidi, ila simu nyingi za mkononi hazikubali kuifungua, na mtu wa mpakani anasikiliza kwa simu ya mkononi. Dakika moja ya wav ni karibu MB 1, si mzigo.

Sauti ya mteja ni taarifa binafsi chini ya sheria yetu ya mwaka 2022. Kubaliana na mwenye ofisi zifutwe baada ya muda gani.

Hatua ya 6: Ulinzi

Poti 5060 ifunguliwe kwa anwani za mtoa huduma pekee. Ukiiacha wazi, ndani ya saa chache utaona majaribio ya nywila. Simu za kimataifa zidai PIN, kwa sababu wezi hupiga usiku na bili inakuja kwa mteja wako.

Kabla ya kukabidhi, piga kwa simu ya mkononi iliyo nje ya Wi-Fi ya ofisi, zungumzeni dakika mbili. Kisha piga tena, acha ilie bila kupokelewa, acha ujumbe, na umwombe mtu wa Tunduma akueleze alichokisikia humo.