Kumuuguza mtoto na kumfundisha mzazi kabla hajaruhusiwa

Manesi wenzangu na nyie mnaosomea, mtoto akilazwa tunamhudumia vizuri tu, dripu inaenda, dozi haikosi, halafu siku ya ruhusa tunamkabidhi mama mfuko wa dawa tukiwa tumesimama mlangoni, "umeelewa mama?", "ndiyo sista", haya kwaheri. Na huyo mama ndo nesi wa mtoto kuanzia jioni hiyo, usiku kucha, peke yake.

Kwahiyo anza kumfundisha siku ileile mtoto anapolazwa, usisubiri ruhusa. Kila unachomfanyia mtoto mwambie mama unafanya nini na kwanini, kesho yake afanye yeye wewe ukiwa pembeni. Jambo moja kwa siku linatosha kabisa, mtu ambaye hajalala siku 3 ukimmwagia maelezo kumi hashiki hata moja.

Ukifika kitandani usikimbilie kumshika mtoto. Mwache apakatwe na mama, chuchumaa uwe usawa wake, muangalie kwanza kwa macho. Pumzi zihesabiwe akiwa ametulia au amelala, nguo imepandishwa uone kifua, na hesabu dakika nzima, sio nusu dakika halafu unazidisha, manake watoto wadogo pumzi zao hazina mpangilio, zinaenda haraka mara zinapoa. Chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi kwa dakika ni nyingi mno, miezi 2 mpaka kabla ya mwaka ni 50, mwaka 1 mpaka 5 ni 40. Mama hana haja ya kukariri hizo namba, muonyeshe kifua cha mwanae, pale chini ya mbavu panavyobonyea ndani akivuta pumzi, mwambie ukiona hivi tena nyumbani usingoje kupambazuke.

Dawa za maji ndo zinatutesa. Vijiko vya nyumbani havilingani, kimoja kinabeba mara mbili ya kingine, kwahiyo mpe sirinji isiyo na sindano na uweke alama ya peni au plasta pale dawa inapofikia. Parasetamoli tunapiga hesabu kwa uzito, miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, yaani mtoto wa kilo 10 akipewa sirapu yenye miligramu 120 kwenye mililita 5 basi ni hizo mililita 5, zipite angalau saa 4 kabla ya dozi nyingine na zisizidi dozi 4 kwa saa 24. Muulize pia kama nyumbani kuna sirapu ya mafua, nyingi zina parasetamoli humohumo na mama anampa zote mbili bila kujua. Wakati wa kumpa, mtoto akae wima, sirinji iingie pembeni kwenye shavu, kidogo kidogo, na jamani tuache kuwabana watoto pua, dawa inaweza kwenda kwenye mapafu.

Sasa ORS, ule unga wa chumvi na sukari unaochanganywa na maji kwa mtoto anayeharisha. Kuna mama nilimruhusu na pakiti zake, nikamuuliza umeelewa akasema ndiyo, kesho yake karudi mtoto macho yameingia ndani, mdomo umekauka. Nikamwambia hebu nionyeshe ulivyochanganya, akachukua kikombe akadona unga kwa vidole viwili kama mtu anayetia chumvi kwenye mboga. Hakuwa mzembe hata kidogo, mimi ndo sikumuonyesha. Toka siku hiyo simuulizi mama kama ameelewa, namwambia "mama nifanyie kama utakavyofanya nyumbani" halafu nanyamaza naangalia mikono yake. Akikosea namuonyesha upya, bila kumgombeza, manake ukimgombeza mara moja hatakuuliza tena kitu.

Pakiti ya kawaida ni nzima kwenye lita 1 ya maji safi, ila soma maandishi maana zipo za ujazo mdogo. Ikikaa saa 24 imwagwe. Kila akiharisha, chini ya miaka 2 anywe mililita 50 mpaka 100, zaidi ya hapo 100 mpaka 200, kwa kijiko au funda ndogondogo za kikombe. Akitapika subiri dakika 10 uendelee taratibu zaidi, wengi hapa ndo wanakata tamaa wanaacha. Zinki miligramu 20 kwa siku, au 10 kwa wa chini ya miezi 6, siku 10 mpaka 14 hata kama kuhara kumekata siku ya 3. Na kunyonya na kula kuendelee, mtoto mgonjwa hanyimwi chakula.

Dalili za kumrudisha haraka mfundishe mpaka azitaje mwenyewe: hanywi wala hanyonyi, anatapika kila kitu, amepata degedege, amelegea au haamki, anapumua kwa shida, anaharisha damu. Kichanga wa chini ya miezi 2 akichemka tu, aletwe. Degedege likimkuta nyumbani amlaze ubavu mbali na vitu vya kumuumiza, asimtie kitu mdomoni, kijiko wala kidole, aangalie saa, amlete.

Halafu uliza swali ambalo wengi tunalisahau, ukienda kazini anabaki na nani? Kama ni bibi au dada wa kazi, mwambie aje naye saa ya kuona wagonjwa, na huyo naye mkabidhi sirinji avute dawa ukiwa unaangalia.