Saa za Zamani za Kijapani: Namna ya Kuifungua Mashine, Kuisafisha na Kuirudisha Kazini

Saa ya Seiko, Citizen au Orient iliyoundwa miaka ya 1960 au 1970 mara nyingi husimama kwa sababu imekauka. Mafuta yaliyotiwa mara ya mwisho yamegeuka gundi, chembe za chuma zimechanganyika nayo, na mashine isiyo na kipande hata kimoja kilichovunjika inashindwa kujizungusha. Kwa hiyo kazi kubwa ya anayetaka kuirudisha saa ya namna hii ni kusafisha na kutia mafuta, na kazi ya pili, ambayo wengi huipuuza, ni kujizuia asiguse yale ambayo yangali mazima. Katika mwongozo huu mashine itafunguliwa yote, lakini uso wa saa na bodi lake, yaani ganda la nje, vitaachwa karibu kama vilivyokutwa.

Kuitambua saa kabla ya kuigusa

Mfuniko wa nyuma wa Seiko nyingi una namba mbili zilizounganishwa kwa kistari, kwa mfano 6139-6002. Tarakimu nne za kwanza ni aina ya mashine iliyomo ndani, na nne za mwisho ni aina ya bodi. Kando yake kuna namba ya mfululizo, ambayo tarakimu yake ya kwanza ni ya mwisho ya mwaka wa kuundwa na ya pili ni mwezi. Oktoba huandikwa kwa herufi O au 0, Novemba kwa N na Desemba kwa D. Namba haitaji muongo, hivyo muongo hukisiwa kutokana na aina ya mashine. Kwa kuwa 6139 ilianza kuundwa mwaka 1969 na kuendelea hadi mwishoni mwa miaka ya 1970, ile yenye namba inayoanza na 74 ni ya Aprili 1977. Chini kabisa ya uso wa saa huwa pana maandishi madogo sana yanayorudia namba ya mashine, na yakipingana na mfuniko wa nyuma, saa hiyo imeungwa kwa vipande vya saa mbili au zaidi. Yakikosekana kabisa huku rangi ya uso ikimeremeta kama mpya, uso huo huenda umepakwa upya.

Anayeanza achague mashine ya Seiko ya 7009 au 6309, au hata 7S26 ya mwaka 1996, ambayo si ya zamani sana lakini kwa mpangilio wake ni ndugu wa hizo mbili. Zote hupiga mara 21,600 kwa saa, yaani mara sita kwa sekunde, na vipuri vyake hupatikana kwa kununua saa nyingine mbovu ya aina hiyohiyo. Saa hiyo ya pili inunuliwe mapema, tena ifunguliwe kwanza, ili makosa ya mkono mgeni yamalizikie huko. Mashine ya 6139, yenye kipimamuda ndani yake, na zile za kasi zinazopiga mara 36,000 kwa saa zingoje. Ukoo wa 56 ni mwembamba na mzuri, lakini una kigurudumu cha plastiki cha kurekebishia tarehe ambacho hupasuka kwa uzee, na kukipata kizima ni kazi nyingine kabisa.

Meza na vifaa

Meza iwe nyeupe, yenye kingo zilizoinuka na mwanga wa kutosha. Zinahitajika bisibisi tatu au nne za saa zilizonolewa zienee vizuri kwenye mfereji wa skrubu, vibano viwili vyenye ncha kali, lenzi ya kuvaa jichoni, kishikio cha mashine, vikombe vidogo vya kioo, vijiti laini vya kuchonga, sindano za kutilia mafuta, na kifungulio cha mfuniko chenye meno matatu. Kamera ya simu ni kifaa kama vingine, kwa maana kila kipande kipigwe picha kabla hakijatoka mahali pake.

Kuifungua

Mfuniko ukishatoka, rota itaonekana, lile bamba zito la nusu duara linalotia ufunguo mashine kila mkono unapotikisika. Kitufe cha majira, kile cha ubavuni, kiwe kimesukumwa ndani, rota isogezwe pembeni, na karibu na mzizi wa kitufe kitafutwe kidude kidogo chenye kishimo au alama ya kubonyezea. Kibonyezwe kwa ncha ya kibano, kwa wepesi, huku kitufe kikivutwa, nacho kitatoka pamoja na ufito wake. Mashine ikitoka ndani ya bodi, kitufe kirudishwe, mishale isogezwe mpaka yote mitatu ilaliane, kisha karatasi ya plastiki itandazwe juu ya uso na mishale iinuliwe kwa vijiti viwili, kimoja kila upande. Katika mashine nyingine uso hushikwa na skrubu ndogo mbili zilizo ubavuni, na katika nyingine miguu yake hubana tu. Tafuta skrubu kwanza kabla ya kuanza kupenyeza kitu chochote chini yake.

Chini ya uso iko sahani ya siku, na katikati yake kuna kipete chembamba cha chuma kilicho wazi upande mmoja. Hiki ndicho kipande kinachoruka kuliko vyote. Ncha ya bisibisi ikipenyezwa kwenye uwazi wake bila kidole cha kukizuia, hutoka kwa mlio mdogo na hakionekani tena. Cha saa yangu ya pili nilikikuta baada ya siku mbili kwenye pindo la shati nililokuwa nimevaa. Tangu hapo hukitoa mashine ikiwa ndani ya mfuko wa plastiki unaoona ndani, mikono yote miwili ikiwa humo, na namshauri kila mtu afanye hivyo hata kama anajiona hodari.

Kabla ya kugusa magurudumu, nguvu iliyobaki kwenye kamani, springi inayoiendesha saa, iachiliwe. Mashine hizi nilizozipendekeza hazitiwi ufunguo kwa kitufe, hivyo haiwezekani kuilegeza kamani kwa kukishika kitufe kama ilivyo kwa saa nyingine. Bisibisi iwekwe juu ya skrubu ya gurudumu la kamani na kuligeuza kidogo tu upande wa kukaza, kidude kinacholizuia kisogezwe kwa kijiti, kisha bisibisi iachwe irudi polepole mkononi. Anayeiruka hatua hii na kufungua moja kwa moja nanga, kile kipande kinachoyaachia magurudumu jino kwa jino, atasikia magurudumu yakizunguka kwa kasi ya ajabu, na huenda ncha moja ya ekseli ikavunjika hapo hapo.

Sasa ni zamu ya gurudumu la mizani, lile linalobembea huku na huku. Skrubu ya daraja lake, yaani bamba linaloishika ncha yake ya juu, itolewe, daraja liinuliwe kwa kupenyeza bisibisi kwenye mkato wake, na gurudumu lifuate likining'inia kwa kamani ya unywele, ile iliyojikunja kama nyuzi za buibui. Inaruhusiwa kuning'inia kwa muda mfupi tu. Mara moja daraja lipinduliwe na kulazwa chali, gurudumu likae juu yake. Ikiguswa kwa kibano hata mara moja vibaya, kamani hii hupinda, na kuinyoosha ni ufundi wa miaka. Kisha itoke nanga, daraja la magurudumu, magurudumu yenyewe na pipa la kamani.

Kusafisha

Vipande vyote vya chuma vilowekwe katika benzini safi, visuguliwe kwa brashi laini, vibadilishiwe benzini, na kumalizia vioshwe kwa spiriti isiyo na maji ili visibaki na ukungu. Dirisha liwe wazi na moto uwe mbali. Nanga na gurudumu la mizani visilowekwe katika spiriti, kwani vito vyake, yaani vijiwe vigumu vinavyopunguza msuguano, vimegandishwa kwa sheleki, aina ya gundi, na sheleki huyeyuka humo. Hivyo vipitishwe katika benzini kwa muda mfupi na kukaushwa. Kila tundu la kito lisuguliwe kwa ncha ya kijiti kilichochongwa, kikizungushwa pande zote mbili, na kijiti kichongwe upya mpaka kitoke bila weusi. Hapa ndipo saa nyingi zinazosemekana zimesafishwa huwa hazikusafishwa: chuma kinang'aa, matundu yamejaa gundi.

Pipa la kamani lifunguliwe na kamani itolewe taratibu, ikifunuliwa mkononi mzunguko baada ya mzunguko. Ikiwa imechoka na kubaki imejikunja badala ya kutanuka, ibadilishwe. Katika saa za kujitia ufunguo mwisho wa kamani hutakiwa kuteleza kwenye ukuta wa pipa inapojaa, kwa hiyo ukuta huo hupakwa grisi maalumu ya breki, kwa mfano 8217 ya Moebius, kampuni ya mafuta ya saa, kwa vidoa vichache tu.

Kuiunga upya na kuitia mafuta

Magurudumu yarudishwe, daraja liwekwe juu yake, na kabla ya kukaza skrubu kila ncha iongozwe ndani ya tundu lake. Daraja likilazimishwa, ncha huvunjika. Nanga ikiwa bado nje, pipa lisukumwe kidogo kwa kijiti: magurudumu yote yazunguke kwa uhuru, na yanapofika mwisho yajirudishe nyuma kidogo. Yasipojirudisha, uko uchafu mahali fulani, na dawa yake ni kufungua tena, hata kama usiku umekwenda.

Mafuta mazito kama Moebius D5 yanafaa kwenye sehemu zinazoenda polepole na zenye mzigo, mepesi ya 9010 kwenye ncha za magurudumu ya kasi, na 9415 kwenye uso wa vito vya nanga. Ncha za nanga yenyewe hazitiwi mafuta kabisa. Tone lijaze kishimo cha kito nusu tu, kwa kuwa mafuta yaliyozidi husambaa na kuliacha tundu likiwa kavu.

Kilichobaki ni Diashock, yaani kizuia mshtuko cha Seiko chenye springi ya petali tatu iliyo juu ya kito cha gurudumu la mizani. Springi hiyo huzungushwa kwa ncha ya kijiti mpaka petali zifike kwenye mikato, ndipo huinuka. Chini yake kuna kito cha kufunikia chenye upande mmoja bapa na mwingine uliobinuka. Kiangaliwe kwenye mwanga, na upande bapa ndio utakaoelekea ncha ya ekseli. Tone la 9010 liwekwe katikati ya upande huo, lienee kama nusu ya upana wake au kuzidi kidogo, kisha tundu la kito lifunikwe juu yake na vyote viwili vipinduliwe na kurudishwa pamoja. Ukitazama kwa lenzi utaona duara la mafuta limekaa katikati. Likiwa limevutwa upande mmoja, vitolewe na kusafishwa tena. Citizen ina mfumo wake uitwao Parashock, ulioanza mwaka 1956, na springi yake ina umbo jingine, lakini kanuni ya tone ni ile ile.

Mfumo wa kujitia ufunguo wa Seiko hutegemea wenzo uitwao Magic Lever, uliobuniwa mwaka 1959. Una mikono miwili inayolikumbatia gurudumu lenye meno: mmoja husukuma rota inapozunguka upande huu, mwingine huvuta inapozunguka upande ule. Katika kuunga, hakikisha kila mkono umegusa meno upande wake, kisha zungusha rota huku na huku ukitazama gurudumu likisonga upande mmoja tu.

Kupima mwendo

Kwa kipima mwendo, kifaa kinachosikiliza mapigo ya saa, pembe ya mwinuko ya 7S26 iwekwe digrii 53. Kamani ikiwa imejaa na uso ukitazama juu, mbembeo wa gurudumu la mizani ukifika digrii 250 au zaidi ni mzuri. Ukiwa chini ya 200, tatizo liko kwenye usafi au kamani, na kusogeza kirekebishi cha kasi hakutaliondoa. Saa ikikimbia dakika nzima kwa siku bila sababu, iondolewe usumaku kwanza. Juu ya daraja la mizani kuna mikono miwili iliyokaribiana: mmoja hubadili kasi, na mwingine hushika mwisho wa kamani ya unywele na kusawazisha mapigo ya kulia na kushoto. Isogezwe kwa kiasi kisichoonekana kwa jicho. Mimi nikipata Seiko 5 ya zamani inayozidi sekunde 15 kwa siku bila kuyumba, naifunga.

Uso na bodi

Uso wa saa upulizwe vumbi, basi. Kitambaa chenye unyevu huondoka na maandishi, na spiriti huondoka na rangi. Rangi ya kung'aa gizani isikwaruzwe, maana katika saa za zamani huenda ina dutu nururifu, na unga wake haufai kuvutwa puani. Bodi lioshwe kwa maji ya sabuni na mswaki likiwa tupu; kingo zake kali, zilizochongwa kiwandani, zikipigwa msasa hazirudi. Kioo cha plastiki husuguliwa kwa dawa ya meno kikatoka mikwaruzo, lakini Hardlex, kioo cha madini cha Seiko, hubadilishwa. Rudisha mishale yote ikikutana juu, kwenye saa sita kamili, pale tarehe inaporuka. Na usibadilishe tarehe kwa kitufe kati ya saa tatu usiku na saa kumi usiku, kwa sababu meno ya kalenda yanakuwa yameshikana.

Raba ya mfuniko na ya kitufe ziwe mpya, zipakwe grisi ya silikoni kidogo. Hata kama mfuniko umeandikwa mita 150, saa hiyo isiingizwe majini mpaka ipimwe kwa mashine ya shinikizo, na hadi siku hiyo ivuliwe kabla ya kunawa mikono.